Devi ya garaji kubwa kwa kazi ndogo: isome mstari kwa mstari kabla ya kulipa (Lubumbashi)

Kle14

Uzi huu ni wa wale wanaotoka garaji ya konsesioneri (muuzaji rasmi wa magari) na devi mkononi, yaani karatasi ya makadirio ya bei, jumla imeandikwa chini kwa dola, na hawajui wabishe wapi. Msibishe jumla. Mbishe mistari.

Devi iliyoandikwa vizuri ina piesi (vipuri), saa za kazi, "vifaa vidogo" (grisi, dawa ya kusafishia breki, vitambaa) na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%. Ukiambiwa kwa mdomo "160", uliza papo hapo kama TVA imo. Piesi za dola 100 na kazi ya dola 60 zinatoka kwenye kaunta zikiwa dola 185.60, na hapo ndipo watu wengi wanagombana na karani asiye na kosa.

Kwenye piesi, dai referensi, yaani namba ya piesi. Kwa Toyota ni tarakimu tano, kistari, halafu herufi au tarakimu nyingine tano. Zile tano za mbele zinakuambia kitu chenyewe ni nini: 04465 ni plakete (pedi za breki) za mbele, 04466 za nyuma, 17801 filta ya hewa ya motere (injini), 87139 filta ya hewa ya ndani ya gari, 48820 biyelete (kiungo kidogo) ya ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona. 90919 ni ya buji (plagi za kuwasha petroli) na pia bobini (koili za kuzipa umeme), kwa hiyo hapo soma namba nzima. Devi inayosema "seti ya breki" bila referensi haijasema kitu. Ukiwa na namba kamili, unaweza kuulizia piesi ileile mjini, au kumwagiza mtu anayeshuka Kasumbalesa (mpakani) au Ndola (Zambia), na mkalinganisha kitu kimoja na kile kile.

Saa za kazi zinatoka kwenye kitabu cha muda cha kiwanda. Kila kazi ina muda wake, hata fundi akiimaliza kwa nusu yake. Huo si wizi, ndivyo mfumo ulivyo. Wizi, au tuseme uzembe, ni kuhesabu kazi moja mara mbili. Plakete na diski za mbele: gurudumu linatoka mara moja, etriye (kishikio cha plakete) inafunguliwa mara moja. Ukiona saa kamili ya plakete halafu chini yake saa na nusu ya diski, omba wakuonyeshe muda wa kazi hizo mbili zikiwa pamoja. Upo kwenye kitabu chao.

La mwisho ni kipimo. "Plakete zimeisha" ni maoni. Milimita ndiyo kipimo. Plakete mpya ya gari ndogo ina kama mm 10 hadi 12 za kitambaa chake (sehemu inayosugua diski), ikifika 3 inabadilishwa, ikifika 1 umechelewa. Diski nayo ina unene wa mwisho uliogongwa kwenye chuma chake chenyewe, tafuta maandishi MIN TH (unene wa chini) pembeni au katikati yake. Vipimo vyote viwili viandikwe kwenye devi. Fundi aliyepima hakasiriki kuombwa namba.

MamaBelAir

Jambo wote. Papa Kle, asante. Devi iliyo mbele yangu ni ya Toyota Vitz volani kulia: filta ya hewa ya motere, filta ya ndani, buji 4 na kazi yake, plakete za mbele "zimeisha", kusafisha injekteri (vipuliza petroli), batri. Hakuna referensi hata moja. Naanza kukata wapi?

Kle14

Mama, kabla ya kukata, andika hapa herufi na tarakimu za kwanza za namba ya chasi, zile kabla ya kistari. Magari ya soko la Japani hayana namba ndefu ya tarakimu 17, yana hii fupi, na ndiyo inayofungua katalogi ya piesi. Inakuwa pia kwenye kibao ndani ya boneti.

MamaBelAir

KSP90.

Kle14

Basi mstari wa kwanza wa kukata tumeupata. KSP90 ina motere ya 1KR-FE, lita 1.0, na ina silinda tatu. Buji zake ni 3. Buji ya nne wataiweka wapi?

Inaonyesha pia kwamba aliyeandika hakufungua boneti, alichukua devi ya Vitz nyingine (SCP90 na NCP91 zina silinda nne) akabadilisha plaka (namba ya gari). Kwa hiyo mistari yote mingine isimamishwe mpaka gari ipimwe.

Jambo la pili kwenye motere hiyo: boksi ya filta ya hewa imekaa juu ya motere yenyewe. Huwezi kufika kwenye bobini na buji bila kuitoa. Hivyo ukilipa kazi ya buji, kazi ya filta ya hewa imeshalipwa. Ibaki piesi tu.

FundiKatuba

Mukubwa Kle amesema kweli. Mimi naongeza ya mikono.

Filta ya ndani hata mtoto wa sekondari anaibadilisha. Toa vitu kwenye kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria, toa kamkono kadogo ka pembeni kama kapo, bana kuta mbili za kisanduku kuelekea ndani, kinaanguka chini. Nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki chenye vishikizo, vuta, filta inatoka kama droo. Angalia mshale kabla ya kutoa ya zamani. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaiziba haraka kuliko kitabu kinavyosema, na dalili yake ni feni kupiga kelele nyingi upepo kidogo. Watu wanauziwa gesi ya klima (kiyoyozi) kwa sababu ya filta hiyo.

Filta ya hewa ya motere: usipige kompresa kutoka upande mchafu, unasukuma vumbi ndani ya karatasi. Piga kutoka upande safi kwa nguvu ndogo, au badilisha. Ukirudisha, pitisha kidole kwenye mpira wa ukingo pande zote. Mpira ukikunjwa, hewa inaingia bila kuchujwa, na mchanga wa barabara ya Kasumbalesa unakwenda moja kwa moja kwenye silinda. Kosa hilo la dakika mbili linakula segimenti (ringi) za pistoni.

Buji: motere iwe baridi, maana kichwa cha silinda ni aluminiamu na uzi wake unang'oka ukiwa moto. Toa bobini (buloni, yaani bolti, ya 10), puliza vumbi shimoni kabla hujafungua buji, si baada ya. Kle (spana) ya buji mara nyingi ni 16, kwenye baadhi ya motere za karibuni ni 14. Buji mpya ianze kwa mkono mpaka ikae, halafu nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Kama ni iridiumu, usiguse ncha yake kwa chuma kurekebisha nafasi, ile ncha ni nyembamba na inakatika. Iridiumu hufika kilomita 100,000. Buji za kawaida za nikeli, 20,000 hadi 30,000. Kwa hiyo muulize aliyeandika devi: zilizomo sasa ni za aina gani? Kama hakutoa hata moja kuiangalia, hajui.

YayaRuashi

Mi naona mnawaonea kidogo watu wa konsesioneri. Kuna kazi ambazo ukizipeleka chini ya mwembe utalia. Airbag na waya zake za njano, kusajili ufunguo mpya wenye chipu, kutoa hewa kwenye mfumo wa ABS pampu ikiwa imefunguliwa, kupima angle ya usukani kwa magari yenye kizuizi cha kuteleza. Hapo mashine yao inafanya kazi ambayo simu haifanyi.

Na airbag za Takata msizisahau. Zilirudishwa kiwandani kwa mamilioni duniani, za magari mengi ya Japani, kwa sababu kapsuli ya gesi inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na inaweza kupasuka ikirusha vipande vya chuma. Gari lililonunuliwa likiwa limetumika huenda halikufanyiwa kazi hiyo kule lilikotoka. Toyota Japani wana ukurasa wa kuingiza namba ya chasi. Angalia kabla ya kulipia kazi yoyote ya volani au dashibodi.

Kle14

Yaya, hapo hatubishani. Na mimi naongeza: diagnostiki (kupima gari kwa mashine) ya garaji kubwa ni kitu kizuri kununua peke yake. Sema mlangoni, kabla ya kuacha ufunguo: "Nataka diagnostiki tu, na ripoti ya karatasi. Hakuna piesi inayotolewa bila mimi kusaini." Ulipe hiyo, uchukue karatasi, ukae nayo nyumbani. Ubaya unaanza pale diagnostiki inaitwa "bure ukitengeneza kwetu", maana bei yake imeshaingizwa kwenye mstari mwingine.

Kitu kingine cha kusema mlangoni: piesi za zamani zirudishwe kwenye gari, ndani ya boksi za mpya. Boksi zinakuonyesha referensi, za zamani zinakuonyesha kama kweli zilikuwa zimeisha.

FundiKatuba

Turudi kwenye plakete, maana ndiyo kazi inayouzwa ghali kuliko zote na inayoharibiwa kuliko zote.

Legeza ekru (nati) za gurudumu gari likiwa chini. Inua kwa kriki (jeki), halafu weka kigingi cha chuma au kipande kinene cha mti chini ya chasi, kriki peke yake usiiamini. Buloni ya chini ya etriye mara nyingi ni ya 14, inatoka, etriye inainuliwa juu kama kifuniko. Ukifungua buloni zote mbili, ifunge etriye kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wa breki, unapasuka kwa ndani na hutauona.

Sasa kabla ya kuweka mpya, soma za zamani. Ya ndani ina mm 2 na ya nje ina 7? Tatizo si plakete. Pini za etriye zimekwama au pistoni hairudi. Hapa kwetu ni vumbi linaloingia kwenye vimpira vya pini vilivyochanika, mvua za Novemba zikianza linakuwa tope, pini inashika kutu. Ukiweka plakete mpya juu ya pini iliyokwama, ya ndani itaisha tena, na garaji itakuuzia seti nyingine. Toa pini, isafishe, ipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya bearingi inavimbisha mpira. Vimpira vilivyochanika vinabadilishwa, ni piesi ndogo ambayo kwenye devi huwa haipo kabisa, na hapo unajua aliyeandika hakufungua.

Fungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki. Kama imejaa mpaka juu, nyonya kidogo kwa bomba la sindano, ukisukuma pistoni mafuta yanapanda na kumwagika, nayo yanakula rangi ya gari. Sukuma pistoni polepole kwa presi ya mkono na plakete ya zamani katikati. Paka grisi kidogo tu kwenye masikio ya plakete na mgongo wake, hata tone lisifike kwenye kitambaa wala diski. Futa diski kwa dawa ya breki.

Toyota ndogo nyingi zinaandika nguvu ya kukaza ya 34 Nm kwa buloni ya etriye na 103 Nm kwa ekru za gurudumu. Vijana wanaokanyaga kle ya gurudumu kwa mguu, hao ndio wanaopinda diski na kukata nguzo za gurudumu.

Halafu, kabla gari halijasogea hata mita moja, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni iko mbali, mkanyago wa kwanza na wa pili unashuka mpaka chini bila breki. Baada ya hapo tafuta barabara tulivu, fanya kama vizuio kumi kutoka 50 km/h kushuka hadi 10 bila kusimama kabisa, ukiacha nafasi zipoe kati yake.

VijanaKenya

Mukubwa, minauliza: na ile "kusafisha injekteri"?

FundiKatuba

Kata. Hiyo ni chupa wanayomwaga kwenye tanki au wanaunganisha kwenye bomba. Kazi hiyo ina maana kama kuna dalili na namba: motere inakosa mpigo, mashine inasoma kodi (namba ya hitilafu) P0301 au P0302, kukosa mpigo silinda ya kwanza au ya pili, umebadilisha bobini nafasi na tatizo halijahama, buji nzima. Hapo injekteri inaingia kwenye mashaka. Kuiandika kwenye devi ya gari lisilolalamika ni kujaza ukurasa.

YayaRuashi

Kuhusu batri, kama una multimeta huhitaji kuamini mtu. Gari lilale usiku, asubuhi pima: volti 12.6 imejaa, 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 nusu, chini ya 12.0 imeisha chaji. Washa huku mwenzio anasoma: wakati wa kuzungusha isishuke chini ya 9.6. Motere ikinguruma, kwenye nguzo za batri uone 13.8 hadi 14.5. Ukiona 12.3 motere ikiwa inazunguka, alternateri haichaji, au mkanda unateleza, au waya mkubwa umeota chumvi. Batri mpya itakufa hivyohivyo. Baridi ya Juni na Julai inafichua batri dhaifu, njo maana miezi hiyo kila devi ina batri ndani.

Kama inabadilishwa kweli, soma kodi (namba ya aina) ya Kijapani juu yake, mfano 46B24L. Ile 24 ni urefu wa sentimita, herufi B kwa kawaida ina nguzo nyembamba na D ina nene, na L au R ya mwisho ni upande wa nguzo. Ukinunua R mahali pa L, nyaya hazifiki. Kutoa, anza na hasi. Kurudisha, hasi iwe ya mwisho.

MotereBaridi

Kwa wanaonunua kile kisomeo kidogo cha bluetooth cha ELM327 ili kukwepa diagnostiki: kwa magari ya soko la Japani ya kabla ya 2008 hivi, tundu lipo lakini lugha yake mara nyingi si ile ya kawaida, kisomeo kinakaa kimya au kinasoma nusu. Usikitupe ukadhani kibovu. Jaribu kwenye gari jingine kwanza.

Kikisoma, kodi ya hitilafu haikuambii ununue nini. P0135 ni saketi ya kipasha joto cha sonda ya lambda (kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi) ya kwanza. Devi itaandika sonda mpya. Wewe anza na fyuzi, halafu chomoa plagi ya sonda na upime ohm kati ya waya mbili za kipasha joto, ambazo kwa kawaida zina rangi moja. Sonda za kawaida za Toyota zikiwa baridi ziko kama ohm 11 hadi 16, zile za aina mpya za kupima hewa na mafuta ziko chini sana, kama 2 au 3. Multimeta ikionyesha njia imekatika kabisa, hapo nunua.

P0171, mchanganyiko una hewa nyingi: tafuta mpira uliopasuka kati ya filta na motere kabla ya kugusa kitu cha pesa. Kisha safisha kile kihisi cha hewa kwa dawa yake maalumu, usikiguse kwa pamba.

P0420 ndiyo kodi ghali, kwa sababu jibu la haraka ni katalista (kisafisha moshi cha ekzosi) mpya. Kwanza: kuna moshi unaovuja kabla ya sonda ya pili? Hewa inayoingia kwenye ufa wa ekzosi inadanganya sonda. Kuna kodi ya mpigo, P0300 na jamaa zake? Rekebisha hiyo kwanza, maana petroli isiyochomeka ndiyo inayoua katalista, na mpya itakufa njia ileile. Motere inakula mafuta? Vilevile.

VijanaKenya

Na sisi tunaonunua piesi wenyewe, bandia tunazijuaje? Buji za NGK ziko kila kona.

MotereBaridi

Buji: ile ringi ya chuma kwenye uzi haipaswi kufunguka na kutoka kwa vidole. Ikitoka kirahisi, rudisha. Angalia pia maandishi kwenye kauri, yakiwa na kivuli au yanafutika kwa kucha, rudisha. Filta ya mafuta ya motere: chungulia mashimo madogo ya pembeni, nyuma yake uone mpira unaozuia mafuta kurudi. Bila mpira huo, kila asubuhi motere inaanza kavu kwa sekunde kadhaa. Plakete: bamba la nyuma liwe na namba ya mtengenezaji iliyogongwa au kuchapwa, na herufi mbili za msuguano kama FF au GG. Bamba tupu lisilo na chochote, liache hapo.

Piesi zilizotumika za Japani ni sawa kwa mlango, taa, kioo, alternateri, hata bobini. Plakete, silabloki (bushi za mpira), sonda, mikanda, usinunue zilizotumika.

FundiKatuba

Umetaja silabloki. Mukibadilisha za mkono wa chini wa gurudumu, buloni ikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unabaki umejikunja na utachanika mapema. Garaji kubwa wanajua hilo, wa barabarani wengi hawajui. Hapo tofauti ya bei ina sababu.

Na kelele ya "ko, ko" kwenye mashimo madogo, kabla ya kukubali amotisere (shokabzoba) mbili za mbele, shika biyelete kwa mkono uitikise. Ikilegea, ndiyo hiyo. Ekru zake mara nyingi ni 17, na katikati ya uzi kuna tundu la kle ya pembe sita ya kuizuia isizunguke. Inua magurudumu yote mawili ya mbele kwa pamoja ili ile fimbo isivute. Amotisere inahukumiwa kwa mafuta yaliyolowesha mwili wake. Vumbi tupu si kosa.

Kle14

Mama Bel-Air, watumie hivi kwa WhatsApp, kwa heshima na bila kutaja wizi:

"Jambo Papa. Asante kwa devi. Naomba, kabla sijakubali: referensi ya kila piesi kwa namba ya chasi KSP90, idadi ya buji irekebishwe, motere ina silinda 3, unene wa plakete nne za mbele na wa diski kwa milimita, matokeo ya kipimo cha batri kwa volti, muda wa kazi ya buji na filta ya hewa vikiwa pamoja, injekteri iondolewe. TVA ionekane kwenye mstari wake. Nitaomba piesi za zamani."

MamaBelAir

Wamejibu. Buji 3 sasa. Filta ya ndani nimeitoa kwenye devi, nitaibadilisha mwenyewe. Injekteri imeondoka. Batri wameandika 12.5, kuzungusha 10.4, wakaitoa wao wenyewe. Plakete: kulia ndani 4, nje 5, kushoto ndani 4, nje 5. Diski iko juu ya MIN TH. Bado wanasema nibadilishe plakete. Nibadilishe?

FundiKatuba

Mama, vipimo hivyo ni vizuri. Pande mbili zinalingana, ndani na nje zinaachana mm 1 tu, kwa hiyo pini zinatembea. Kwa 4 hulazimiki leo. Nunua plakete sasa kwa referensi waliyokupa uziweke nyumbani, pima tena ukimwaga mafuta ya motere mara ijayo, na zikifika 3 zifungwe. Ukienda Likasi au Kolwezi na gari lililojaa watu, pima kabla ya safari. Waambie siku ya kufunga wasafishe pini na kuzipaka grisi ya silikoni, iandikwe kwenye devi kama mstari.

MamaBelAir

Na mshale wa filta ya ndani unatazama wapi?

FundiKatuba

Soma kilichoandikwa pembeni ya mshale, Mama. Kikiandikwa UP, mshale unatazama juu. Kikiandikwa AIR FLOW, unafuata njia ya upepo, na kwenye Toyota nyingi filta ikiwa imelala, upepo unashuka chini.